Benki Iliyonipongeza Msibani

Mimi benki siipendi, na sitaki mtu anibembeleze niipende. Nalisema mapema ili anayetafuta maneno matamu aende kwingine. Nina duka la vitenge na mashuka hapa Mengo, Kampala, kwenye safu ya maduka iliyo chini kidogo ya hospitali, na kwa miaka mingi pesa zangu zilikuwa katika benki moja ambayo jina lake sitalitaja. Sina haja ya kuitangaza bure.

Nyumbani kwetu tunasema Kiswahili tangu babu wa babu yangu alipofika hapa na biashara ya pwani akashindwa kurudi, au akakataa kurudi, hilo ukoo mzima bado unabishania. Jirani zangu Waganda wanakiona Kiswahili ni lugha ya askari. Ukikisema kwa sauti njiani, mtu anashika mfuko wake. Lakini mimi ndicho nilichonacho, na nikikasirika hutoka chenyewe. Wananiita Hajati. Huku kila mwanamke Mwislamu mwenye duka ni Hajati, hata kama Makka ameiona kwenye saa ya ukutani tu.

Mambo ya benki kutujua yalianza kwa chai. Benki ilituita wafanyabiashara kwenye hoteli moja, tukala sambusa zilizojaa viazi, kisha akasimama bwana mmoja mwenye suti ya kubana akatuambia kwamba sasa kuna kompyuta inayosoma kila shilingi inayoingia na kutoka kwa kila mteja, inamlinganisha huyu na wale, na kutokana na hayo inajua mtu anahitaji nini kabla hajaomba. "Tutawajua kuliko mnavyojijua wenyewe," alisema. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Astaghfirullah, mtu mzima kusema maneno kama hayo na sambusa mkononi!

Basi wakaanza kunijua. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia nikapata ujumbe kwenye simu: mpendwa mteja, tumeona mauzo yako ya mchana yamepungua, je, biashara ina matatizo? Tuna mkopo wa kukuinua. Nikacheka peke yangu dukani. Wiki ya sikukuu, mashuka yalipotoka kama njugu, wakanipandisha daraja wakaniita mteja wa dhahabu. Ramadhani iliyofuata wakaniuliza tena kama biashara inakufa. Mashine inayojua kila kitu haikuwahi kujifunza kwamba kuna watu wanafunga.

Mlango wa pili kutoka kwangu alikuwa na kibanda cha ushonaji mwanamke wa Kikongomani, kutoka Butembo. Alishona magauni ya bibi harusi, na hapa Kampala mwenye mkono wa kushona gauni la harusi hakosi kazi. Mume walipotezana wakati wa kukimbia vita, mtoto hakujaliwa. Aliyebaki ni mama yake tu, kikongwe, kule kule Butembo, aliyekataa kuhama nyumba yake kwa ajili ya vita vya yeyote. Tulikula pamoja kila mchana. Yeye alileta sombe, kisamvu cha kwao, mimi nilileta wali, tukala tukibishana. Alikuwa mlokole wa kupindukia, kila siku ananiombea nibadilike, nami kila siku namwambia maombi yake yana nambari isiyopatikana. Nilimpenda yule mwanamke. Sikuwahi kumwambia, maana angelileta kanisani kama ushuhuda.

Jambo moja tu ndilo aliloniomba bila mzaha. Huku Buganda kila mtu ana ardhi ya ukoo wake, na huko ndiko anakozikwa, pembeni mwa baba na babu. Asiye na ardhi hiyo anapelekwa kwenye makaburi ya serikali, na hapo hata msibani watu wananong'ona. Siku moja, mdomo umejaa sindano za kubania, akaniambia: "Hajati, mimi nikifa, unipeleke kwa mama. Usiniache na watu wasio na kwao." Nikamwambia aache kuropoka. Akazitoa zile sindano moja moja, akanikazia macho. Nikaapa.

Alianguka juu ya cherehani yake. Presha. Tukamkimbiza hospitali hapo juu, na kabla ya magharibi alikuwa amekwenda.

Sasa nieleze mila zetu za hapa, maana zote zilihusika. Mtu akifiwa, watu huchanga. Waganda wanaita mabugo; zamani ilikuwa nguo za magome ya mti za kumfunikia maiti, siku hizi ni pesa za simu. Kila mtu anatuma kidogo, Mwislamu, Mkristo, Mkongomani, hata yule mwuza chipsi asiyesalimia mtu. Katika safu yetu mweka hazina ni mimi. Wakati ule pesa ziliingia moja kwa moja kwenye akaunti yangu ya benki, kwa sababu mweka hazina aliyenitangulia alikuwa anazikusanya kwenye simu, na simu yake ikawa na tabia ya kuibiwa kila baada ya mazishi.

Na sisi Waislamu tuna mila yetu: maiti hafukiwi na madeni yake. Kabla ya mazishi lazima mtu asimame aseme, anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu alipe. Kwenye matanga ya yule fundi, kati ya walokole wanaoimba, nikasimama mimi na mtandio wangu nikatangaza hivyo. Mchungaji alikunja uso. Lakini nilijua wapo mabibi harusi chungu nzima waliovaa magauni yake, wakapiga picha, wakaondoka na salio. Nikawaambia bila haya: hamwezi kuolewa na nguo ya maiti hamjaimaliza kulipa.

Wallahi, walilipa! Kutoka Kasubi, kutoka Luzira, wengine walikwisha kuzaa watoto wawili. Na kila mmoja, pale simu inapomwuliza sababu ya kutuma, akaandika: gauni ya harusi. Gauni ya harusi. Gauni ya harusi, samahani kwa kuchelewa. Pesa zikajaa. Zilitosha sanduku zuri, zilitosha karatasi za kuvusha maiti, zilitosha gari.

Gari lenyewe lilikuwa la Mkongomani mmoja, dereva anayesafirisha vitenge na, ikibidi, maiti. Alikuwa mtu wa haki ila mgumu. Barabara ya kutoka mpaka wa Mpondwe kwenda Butembo ilikuwa na waasi, na magari yalipita kwa msafara tu, askari mbele na askari nyuma. Msafara ulikuwa Jumamosi asubuhi. Ili tuuwahi, gari litoke Kampala Ijumaa, mchana usipite. Na pesa yake aliitaka yote mkononi kabla ya kuwasha injini, kwa ajili ya mafuta na ya wale mabwana wa njiani ambao hawaandiki risiti. Kule Butembo mama alikwisha kuambiwa. Kila jioni alinipigia: "Mama, mumefika wapi?" Nami nikamjibu, Jumamosi, mama, Jumamosi utamwona mwanao.

Alhamisi, nikiwa nakunja sanda (walokole hawataki sanda, nilikuwa nakunja shuka jeupe la kutandika ndani ya sanduku, basi), simu ikalia. Benki. Hongera, mpendwa mteja! Tunaona unajiandaa kwa siku kubwa ya familia yako. Tuna mkopo wa harusi, punguzo la ukumbi, na keki.

Nikausoma mara ya pili nikidhani macho yangu yana kasoro. Keki! Maiti yuko kwenye friji mlimani na mimi napunguziwa keki. Wahenga walisema kufa kufaana, lakini hata wao hawakufika huku. Mke wa mchungaji akaniuliza nimepatwa na nini. Nikamwonyesha. Yule mama hajawahi kutukana tangu aokoke, lakini siku ile alikaribia.

Kisa chenyewe ni kwamba hapa Kampala harusi nayo huchangwa vile vile. Watu wengi, vijisenti vidogo vidogo kwa simu, siku kadhaa, halafu zote zinatoka kwa mpigo mmoja. Kwa mashine inayotazama pesa tu, harusi na kilio vina sura moja. Ukiongeza na zile gauni za harusi, ikakata shauri. Nilikasirika, lakini nilikuwa na kazi. Nikaiacha simu nikaendelea na shuka.

Ijumaa asubuhi nikamtumia dereva pesa zake kwa simu, kutoka akaunti ile. Haikwenda. Nikajaribu tena. Ukaja ujumbe: kwa usalama wako, akaunti imezuiwa kwa muda, tumeona mwenendo usio wa kawaida, tafadhali fika tawini. Humo mlikuwa na mabugo yote. Na pesa za duka langu zilikuwa humo humo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilifika pale benki mtandio uko begani. Mlinzi wa mlangoni, aliyepata kuwa jeshini, aliposikia ninavyoongea akasimama wima akanisindikiza mpaka ndani. Meneja alikuwa mtu wa makamo, mpole wa kukera, mmoja wa wale wanaokuita nyabo, yaani bibi, huku wanatazama kioo cha kompyuta.

"Karibu, Hajati. Na hongera."

"Ya nini?"

"Shughuli. Bibi harusi ni binti yako?"

"Bibi harusi yuko mochwari," nikamwambia.

Akasema pole, na naamini pole yake ilikuwa ya kweli. Nikamweleza yote: fundi, mama yake, mabugo, madeni ya magauni, gari, msafara. Akasikiliza. Kisha akanigeuzia kile kioo nijionee, kama mtu anayekuonyesha picha za watoto wake. Nilikuwemo humo mzima mzima. Ninanunua umeme siku gani, dawa yangu ya sukari, duka langu linalala Ramadhani na kufufuka sikukuu. Na juu kabisa wameniweka katika kundi langu: sherehe na familia. Sasa, akasema, mteja wa kundi hili, katikati ya kuandaa sherehe, pesa zote anataka kumpa mtu mmoja mwenye simu ya Kongo, asiyewahi kumlipa kabla. Mashine imeona ni utapeli. Imekulinda, Hajati.

"Imenilinda na nini?"

"Na wezi."

"Mimi ndiye mwenye pesa, nimekuja kwa miguu yangu, na kitambulisho hiki hapa. Mwizi yuko wapi?"

Akasema itabidi kuiambia mashine sababu sahihi, halafu itafungua yenyewe. Akafungua orodha ya sababu. Harusi, elimu, ujenzi, matibabu, safari, biashara. Akaishusha mpaka chini, akaipandisha, akaishusha tena. Hakukuwa na msiba. Nchi hii ambayo hatumalizi wiki bila kuzika mtu, wakatengeneza mashine ya kutujua kuliko tunavyojijua, na hawakuipa neno la kifo!

"Tuweke safari?" akaniuliza. "Si anasafiri?"

Nilimtazama yule bwana. Hakuwa anafanya mzaha. Na saa ya ukutani ilikuwa inakwenda, na dereva alikwisha kunipigia. Nikasema weka.

Akaweka safari. Ikauliza wapi. Akaandika Butembo. Kioo kikageuka chekundu. Kumbe mahali pale pako kwenye orodha yao ya sehemu za vita, na pesa nyingi ndogo ndogo zinazokusanywa kutoka kwa watu wengi na kupelekwa sehemu ya vita, kwa mashine hiyo si utapeli tena, ni jambo kubwa zaidi. Akaunti ikatoka mikononi mwa tawi ikaenda makao makuu. Meneja akaondoa mkono kwenye kile kipanya chake taratibu. Akaniambia makao makuu watalichunguza Jumatatu.

"Jumatatu msafara umeshapita!"

"Nyabo, sistimu ndiyo imekataa. Si mimi."

Hapo ndipo nilipopandisha. Nilimtukana kwa Kiswahili cha pwani, cha Mengo na cha kambini, vyote pamoja. Nikamwambia hiyo sistimu haina mama, ndiyo maana, lakini wewe si umezaliwa? Simu iko mbele yako, wapigie wakubwa zako uwaambie kuna maiti anangojewa. Akapiga, nisimsingizie. Akapiga mara nyingi. Kila aliyepokea alikuwa anatazama kioo kile kile, chenye wekundu ule ule, na kila mmoja alikiamini kuliko alivyomwamini mwenzake anayeongea. Mwishowe mlinzi akaja akanigusa kiwiko. "Mama, twende. Hapa hakuna mtu," akasema. Nilidhani amekosea kusema. Nilipofika nje nikaona hakukosea.

Nikarudi safuni mbio nikapita duka kwa duka kuomba taslimu. Watu walikuwa wamekwisha kutoa. Mtu hatoi mabugo mara mbili. Hata hivyo walitoa. Mwuza chipsi alinipa mauzo ya asubuhi yakiwa bado yana mafuta. Haikufika hata nusu. Nikamwambia dereva achukue robota za vitenge dukani kwangu, achague anazotaka. Alisimama mlangoni akazitazama, na nikaona zinamwuma roho. "Mama, barabarani kule mutu hapokei kitenge," akasema. "Na mimi nikikosa musafara, ninabaki njiani na maiti." Alingoja. Alingoja kupita muda aliosema, akiwa amekaa ndani ya gari, mlango wazi, akinitazama nikipiga simu. Kisha akafunga mlango, akaenda.

Jumamosi msafara ukaondoka mpakani bila sisi. Jumapili vita vikashuka barabarani na njia ikafungwa, hakuna aliyejua mpaka lini. Hospitali wanataka nafasi yao. Wazee wa kanisa wakakutana, wakaamua. Nikawapinga mpaka sauti ikakauka, lakini nilikuwa nawapinga bila gari na bila njia. Makaburi yetu ya Waislamu hayampokei, nami sikudiriki hata kuuliza. Tukamzika kwenye makaburi ya serikali, kwenye mteremko, kati ya watu ambao mbao zao zina namba tu. Walokole waliimba vizuri sana. Nilitamani wanyamaze.

Jumatatu, kabla sijafungua duka, akaunti ikafunguka. Hakuna aliyenipigia kuniambia kwa nini. Kila shilingi ilikuwa mahali pake. Nikaenda nikatoa zote, nikasimama juu ya meneja mpaka akafunga na akaunti yenyewe. Alitoka nyuma ya meza yake akanipa mkono, na mkono wa pili ulikuwa na mwavuli wenye rangi za benki, zawadi, kwa usumbufu. Mwavuli! Nilimwacha nao. Watu huniambia, Hajati, yule naye ni mfanyakazi tu, msamehe. Simsamehi. Alikuwa na macho mawili na maiti mmoja wa kuyafungulia, akachagua kutazama kioo.

Siku hizi mabugo ya safu yetu yanakaa kwenye sanduku la chuma la mchungaji wa walokole, na ufunguo ninao mimi. Tunaaminiana kwa shingo upande, na mpaka leo hajafa mtu akakosa gari.

Zile pesa za mabugo na za magauni hazikuwa zangu. Njia ilipofunguliwa nilimpa mfanyabiashara mmoja wa Butembo azifikishe kwa mama mkono kwa mkono. Alipofika akanipigia, akampa kikongwe simu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nilitaka kutukanwa. Yeye akanishukuru. Akaniuliza kama mwanawe amelala mahali pakavu. Nikasema pakavu. Akaniuliza kama kuna mtu anapita pale. Nikasema napita mimi.

Nikasikia kuku na watoto nyuma yake.

"Ile Ijumaa, vijana walikuwa wamemaliza kuchimba," akasema. "Pembeni ya baba yake. Na kaburi haiachwi wazi, mama, inaita mwingine. Tukakata mgomba, urefu wake yeye. Tukaufunga ndani ya shuka, tukauzika. Watu walikuja wengi."

Nikamwuliza walisema nini juu ya kaburi.

"Tuliita jina lake," akasema mama.